Maswali ya Wasomaji: Faili Langu Liko Wapi, na Nani Kaligusa?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za jambo moja tu, hizi huduma za serikali zinazohamia kwenye kompyuta na simu. Wengine wamefurahi, wengine wamechoka kabisa, na mimi ni jambo linalonigusa kwa sababu kabla ya kuanza kuandika safu hii nilikaa masijala miaka tisa, najua faili linavyopotea na najua linavyoonekana ghafla chini ya meza mtu akija na mtu wake. Nimechagua barua sita, zile ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe mlivyoomba.

Shikamoo dada. Nilijaza fomu ya kibali onlaini, nikaskani vyeti vyote nikatuma. Wiki mbili baadaye napigiwa simu niende ofisini na ile fomu nimeiprinti, pamoja na kopi za vyeti vilevile, halafu nimefika dirishani ofisa anaanza kuandika upya kwenye daftari! Sasa hapa wameturahisishia nini? Tunaambiwa ndo uwazi wenyewe huu. – Msubiri kibali

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Ulichokutana nacho ni fomu ya karatasi iliyochorwa upya kwenye skrini, basi. Nyuma ya dirisha hakuna kilichobadilika, daftari ni lilelile, ofisa bado anasubiri sahihi ya mkubwa wake kwenye karatasi, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuufuta utaratibu wa zamani, umewekewa mpya juu yake na wewe unaibeba yote miwili. Hili linatokea nchi tajiri na nchi maskini. Chanzo mara nyingi ni kwamba kazi anaachiwa mtaalamu wa kompyuta peke yake, anaambiwa tutengenezee mfumo, anaichukua fomu anaiingiza kama ilivyo, hakuna aliyekaa na makarani wa dirishani akawauliza hili swali la 17 tunaliuliza kwanini na jibu lake linasomwa na nani. Sisi masijala tulikuwa na fomu inayodai jina la babu mzaa baba, na miaka yote tisa sikumuona mtu hata mmoja akiisoma ile sehemu, ila mwananchi asipoijaza anarudishwa nyumbani.

Wenzetu wa Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, walianza upande wa pili. Tangu 2001 wana kitu kinaitwa X-Road, ambacho sio kompyuta moja kubwa yenye mambo ya watu wote kama wengi wanavyodhani, kila idara inabaki na daftari lake ila madaftari yanaweza kuulizana. Ofisi ya vibali ikitaka tarehe yako ya kuzaliwa inaiuliza ofisi inayotunza orodha ya wakazi, jibu linarudi lina muhuri wa kidijitali, na lile swali lenyewe linabaki limeandikwa kwamba limeulizwa na nani na saa ngapi. Halafu wana kanuni kwamba kitu ambacho serikali tayari inacho haitakiwi kukuomba tena. Hebu fikiria kanuni hiyo moja ingekuondolea kopi ngapi.

Lakini mfano unaofanana zaidi na kesi yako ni wa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Mwaka 1999 jiji lile lilikuwa na sifa mbaya ya rushwa kwenye vibali, vya ujenzi na vinginevyo, wakaanzisha mfumo walioupa jina la OPEN. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza: ombi lako likishapokelewa, kila hatua linayopita inawekwa onlaini, liko idara gani, lipo mikononi mwa nani, lini litaamuliwa. Ofisa alilazimika kuingiza hatua yake kila anapoligusa. Rushwa ya vibali inakaa pale ambapo mwombaji hajui, maana ukiwa hujui faili limekwama wapi utamlipa yeyote anayekwambia anajua, na ukishajua limelala siku 11 mezani kwa mtu fulani huna tena haja ya dalali, una haja ya kumuuliza yule mtu. Kwahiyo mimi mfumo siupimi kwa uzuri wa tovuti. Nauliza mwananchi anaweza kuona faili lake liko wapi na nani kaligusa, akiwa nyumbani kwake, bila kumuomba mtu? Kama hawezi, hata wakiweka rangi nzuri namna gani bado tuko kule kule.

Kwa sasa fanya hivi. Usiondoke dirishani bila namba ya kumbukumbu ya ombi lako, tarehe waliyolipokea na cheo cha ofisa aliyelipokea, na skrini ya mwisho uliyoiona ulipotuma ipige picha uitunze. Wakikwambia namba hakuna, andika barua fupi ya kuomba namba, wagongee muhuri kopi yako.

Dada mhariri, mimi ni karani kwenye ofisi ya umma. Mfumo mpya umekuja, bosi hana muda nao maana kila siku yupo vikaoni, amenipa pasiwedi yake niwe naidhinisha malipo kwa niaba yake. Wenzangu wananiambia ni kawaida kila idara wanafanya. Halafu tunasikia mfumo ukikamilika makarani wote tunapunguzwa. Sijui niogope lipi. – Karani

Mdogo wangu, hilo la pasiwedi liache leo hii hii, kabla hujamaliza kusoma hapa. Najua unavyojisikia kumkatalia mkubwa wako, nilishakaa kwenye kiti hicho, ila elewa kinachotokea ndani ya mashine. Kila mfumo wa malipo unaotengenezwa vizuri unaweka kumbukumbu ya matendo, yaani fulani kaingia saa fulani, kafungua hati hii, kabadilisha tarakimu hii ikawa hii, kaidhinisha. Hiyo kumbukumbu ndo roho ya uwazi wote tunaouzungumza. Sasa ninyi wawili mkitumia jina moja, siku pesa ikipotea kumbukumbu itasema bosi, bosi atasema sio mimi mwenye pasiwedi ni karani, wewe utasema nilitumwa, na hakuna karatasi ya kuonyesha ulitumwa. Mifumo mingi ina sehemu ya kukaimisha madaraka, mkubwa anakupa ruhusa ya kuidhinisha kwa jina lako wewe, kwa muda fulani, hadi kiwango fulani. Mwandikie kwa adabu uombe ukaimishwe rasmi, kwa maandishi, na uitunze hiyo barua.

Nisimame hapa kidogo, maana kuna kisa cha Uingereza ambacho kila mtumishi wa umma anapaswa kukijua. Posta yao kuanzia 1999 iliweka mfumo wa mahesabu unaoitwa Horizon kwenye ofisi ndogo za posta nchi nzima. Mfumo ulikuwa na makosa, ulionyesha pesa pungufu ambazo hazikuwa pungufu, na wale wasimamizi wa ofisi ndogo wakaambiwa walipe. Wengi walilipa kwa akiba zao, wengine walifilisika, na zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015 kwa wizi au udanganyifu wa mahesabu, wapo waliofungwa jela. Walipopiga simu kuomba msaada wengi waliambiwa ni wewe peke yako mwenye shida hiyo. Na sheria ya kule ilikuwa inachukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo, lakini huyo mtu atathibitishaje wakati kumbukumbu za ndani hazioni? Baadaye ikaja kujulikana kwamba mafundi wa kampuni iliyotengeneza mfumo waliweza kuingia kwenye mahesabu ya ofisi hizo kutoka mbali, wenye ofisi wasijue. Hukumu ya mahakama kuu ya kusema mfumo ulikuwa na kasoro ilikuja Desemba 2019, na sheria ya kufuta hatia za watu hao kwa pamoja ilipitishwa Mei 2024. Miaka 25! Watu wamekufa wakiitwa wezi.

Nakusimulia hayo ili uone kwamba kumbukumbu ya matendo inamlinda mtumishi pale tu anapoweza kuiona. Dai kuona ya kwako. Ofisini kwako ulizeni kwa pamoja, kama makarani, karani akishtakiwa kwa jambo lililofanyika kwenye mfumo atapewa kumbukumbu kamili au atapewa ukurasa mmoja waliouchagua wao?

Kuhusu kazi sitakudanganya, kuna kazi zitakwisha, ya kubeba mafaili ghorofa kwa ghorofa itakwisha na sioni vibaya. Ila mtu anayejua kwanini faili la aina hii huwa linakwama, anayejua jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye vyeti viwili ni la mtu yuleyule, huyo ndo anayehitajika wakati wa kuhamisha kumbukumbu za miaka 40 kuziingiza kwenye mfumo, na ofisi zinazowaondoa makarani kabla ya kazi hiyo zinaishia na takataka ndani ya kompyuta nzuri. Jifunze mfumo huo kuliko bosi wako, na kila anayetaka kuuelewa umfundishe.

Habari ya kazi. Mimi ni kijana napenda mahesabu na kompyuta. Bajeti ya serikali imewekwa kwenye tovuti, nikafurahi nikadaunlodi, kumbe ni PDF ya kurasa mia nne imeskaniwa imelala upande, ukitafuta neno halipatikani, ukikopi haitoki. Nikiuliza naambiwa si tumeshaweka wazi unataka nini tena? – Kijana wa takwimu

Nzuri mdogo wangu, na hongera kwa kuzisoma kurasa hizo, ni wachache. Jibu la kuwapa ni hili: picha ya takwimu sio takwimu. Ile bajeti ilianza maisha yake kwenye jedwali la kompyuta, mtu akaiprinti, akaigonga muhuri, akaiskani, na mwisho wa safari hiyo ndefu tarakimu zote zimekuwa picha. Wewe unaomba lile jedwali la mwanzo, kitu ambacho tayari wanacho na hakiwagharimu chochote kukutumia. Liwe kwenye muundo ambao programu yoyote inafungua, safu zina vichwa vya habari, na kila mwaka zipangwe hivyohivyo, maana ofisi ikibadilisha majina ya vifungu kila mwaka hakuna atakayeweza kulinganisha mwaka huu na uliopita.

Ila hata majedwali yana ajali zake. Oktoba 2020 kule Uingereza karibu wagonjwa 16,000 wa korona walikosekana kwenye hesabu za taifa kwa siku kadhaa, kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yanaingizwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani ambalo mwisho wake ni mistari 65,536, ikijaa inayozidi inaachwa nje, haipigi kelele wala nini. Kwahiyo ukilipata jedwali lako jambo la kwanza hesabu mistari, linganisha na jumla iliyotangazwa.

Faida ya kuwa na takwimu zinazohesabika iliwahi kuonekana Brazil. Wao walifungua tovuti ya matumizi ya serikali kuu mwaka 2004, wanaiita Portal da Transparência, mpaka malipo ya kadi za serikali wanazotumia wakubwa yapo humo. Mwaka 2008 waandishi wa habari wakakaa wakayapitia, wakakuta matumizi yasiyoeleweka, na waziri mmoja akajiuzulu. Hakuna aliyevujisha siri wala kuiba faili, vitu vilikuwa wazi kwa kila mtu, kilichokosekana ni mtu wa kukaa navyo tu.

Kwenye manunuzi mimi navutiwa na Ukraine. Mfumo wao Prozorro, jina linatokana na neno lao la uwazi, ukawa wa lazima kwa ofisi zote za umma kuanzia Agosti 2016, na kauli yao ni kila mtu anaona kila kitu. Zabuni inatangazwa humo, wazabuni wanashindana kwa bei humohumo, na mnada ukiisha yeyote anafungua nyaraka za walioshindwa na za aliyeshinda. Sehemu hiyo ya mwisho ndo yenye nguvu kuliko zote, maana anayejua vizuri kwamba bei fulani ni ya wizi sio mkaguzi, ni mfanyabiashara aliyeshindwa zabuni hiyohiyo. Mpe nyaraka, atakufanyia ukaguzi wa bure. Wakaongeza na jukwaa la wananchi la kutoa malalamiko juu ya zabuni, wanaliita Dozorro.

Sasa wewe anza na kurasa chache, usihangaike na zote mia nne. Chagua kitu kimoja ambacho watu wanakielewa, dawa za zahanati au madawati, zipige kurasa zake kwa mkono kwenye jedwali, weka kila tarakimu na namba ya ukurasa ilikotoka, halafu uitume kwa ile ofisi ukiwaomba wathibitishe. Kumkatalia mtu aliyekwisha kufanya nusu ya kazi ni vigumu, na wakikuta umekosea watalazimika kukutumia iliyo sahihi.

Shikamoo mama. Naandika kwa ajili ya mama yangu mzazi, ana miaka 74. Malipo yake ya uzeeni sasa ni mpaka aweke kidole kwenye mashine, na vidole vyake havisomi, amelima maisha yake yote. Simu yake ni kitochi. Kuna kijana anawajazia wazee fomu, amechukua namba za siri za wote ameziandika kwenye daftari lake. Mama ananiuliza hivi mimi serikali hainijui tena? – Binti yake

Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu zangu. Swali lake nimelisoma mara nyingi.

Vidole vya mtu aliyefanya kazi za mikono kweli vinasagika, na uzee nao unalainisha ile michirizi, hilo linajulikana popote vidole vinapotumika kama utambulisho. India wana mfumo mkubwa kuliko wote duniani, Aadhaar, umesajili watu zaidi ya bilioni moja, na shida hii imewapata sana, wazee na vibarua wananyimwa stahili zao mbele ya mashine. Mwaka 2018 mahakama yao kuu ya juu, ilipoukubali mfumo wenyewe utumike kwenye misaada ya serikali ila sio kila mahali, ilisema mwenye haki asinyimwe kwa sababu tu utambulisho umeshindikana. Mimi naona hiyo ingekuwa mstari wa kwanza wa kila mfumo unaotengenezwa, mashine ikishindwa mzigo ni wa ofisi, sio wa bibi wa miaka 74. Yaani pawepo njia ya pili iliyoandikwa, yule ofisa aijue, asianze kuibuni siku mama amefika: kitambulisho cha kawaida na mashahidi wawili, au jicho, au namba inayotumwa kwa simu, na malipo yatoke siku ileile.

Denmark wamekwenda mbali sana na haya mambo, tangu Novemba 2014 barua zote za serikali zinaingia kwenye sanduku la kidijitali kwa kila mkazi wa miaka 15 na kuendelea, lakini hata wao waliacha mlango kwamba asiyeweza anaomba aondolewe na anaendelea kuletewa karatasi. Nchi ambayo karibu kila mtu ana intaneti bado ilijua wapo wasioweza. Sasa sisi wengine tunapata wapi ujasiri wa kufunga madirisha yote na kusema kila kitu kipo onlaini? Dirisha lenye mtu ndani ni sehemu ya mfumo, tena hukohuko ndiko unakojifunza mfumo wako unawaumiza akina nani, ukilifunga hutawasikia tena, watapungua tu kwenye hesabu na wewe utadhani kazi imepungua. Na kitochi kinaweza, zile huduma za kubonyeza nyota na reli hazihitaji intaneti hata kidogo, na kwa asiyesoma inawezekana kupiga namba akasomewa kwa sauti kwa lugha anayoielewa.

Huyo kijana simlaumu haraka, huenda ndiye pekee aliyewasaidia wazee hao, lakini daftari lenye namba za siri za watu wote ni hatari hata kama yeye ni mwaminifu, maana daftari linaibiwa. Mama abadilishe namba yake leo, wewe umsaidie, na isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Halafu nenda naye ofisini mwambie ofisa kidole kimeshindwa, omba kiandikwe kwenye mfumo kwamba kimeshindwa, tarehe na saa. Hilo la kuandikwa usiliache hata wakikuharakisha, kwa sababu walioshindwa wasipoandikwa, ripoti ya mwisho wa mwaka itasema mfumo umefanikiwa kwa wote.

Na mwambie mama, serikali ndo yenye kazi ya kumjua. Asiombe radhi kwa ajili ya vidole vyake.

Kila siku uwazi uwazi. Mimi sitaki jirani ajue ugonjwa wangu wala kiasi ninacholipwa. Kila kitu kikiwa kwenye kompyuta si tumevuliwa nguo wote? – Mwenye wasiwasi

Wasiwasi wako una msingi. Mambo ya serikali yawe wazi kwa mwananchi, mambo ya mwananchi yafichwe hata kwa ofisa asiyehusika, na watu wengi wanayachanganya haya mawili, kuna ofisi zinakunyima mkataba wa barabara kwa kisingizio cha usiri halafu hizohizo zinabandika ukutani orodha ya wagonjwa. Kule Estonia mwananchi anaingia kwa kitambulisho chake anaona ni ofisi zipi zilizozitazama taarifa zake na lini, ukiona ofisi usiyokuwa na shughuli nayo unauliza, na ofisa aliyechungulia kwa umbea anaadhibiwa. Zamani kwenye mafaili ya karatasi nisingeweza hata kukwambia nani kalisoma lako usiku.

Na hatari ya kuvamiwa ipo, asikudanganye mtu. Mwaka 2017 hukohuko iligundulika kasoro kwenye chipu za vitambulisho vyao zaidi ya laki saba. Serikali ilitangaza yenyewe, ikasimamisha matumizi ya kidijitali ya kadi hizo mpaka zirekebishwe. Mimi nauamini zaidi mfumo uliowahi kusema hadharani tumekosea.

Ndugu mwandishi, mimi ni diwani, kwetu hakuna pesa ya mfumo wowote, umeme wenyewe wa kubahatisha. Tunaanzia wapi? – Diwani

Mheshimiwa, anzia kwenye ubao wa matangazo, na hili nalisema kwa moyo wote. Uganda katikati ya miaka ya 90 walifuatilia ruzuku ya wanafunzi iliyokuwa inatoka serikali kuu kwenda shule za msingi, wakakuta kati ya 1991 na 1995 shule zilikuwa zinapata wastani wa asilimia 13 tu, kinachobaki kinaishia njiani. Wakaanza kuchapisha kwenye magazeti kila wilaya imetumiwa kiasi gani, na shule kubandika kilichoingia. Kufikia 2001 kilichokuwa kinafika ni zaidi ya asilimia 80, pamoja na hatua nyingine walizochukua. Gazeti na ubao, hapo hakuna kompyuta.

Na kwenye jimbo la Rajasthan, India, kuanzia mwaka 1994 wanavijiji na chama chao walikuwa wanazipata orodha za malipo ya vibarua wanazisoma kwa sauti mbele ya mkutano. Jina linasomwa, mtu anainuka anasema mimi sikulipwa hiyo, jingine linasomwa wanasema huyo amekufa zamani. Vuguvugu hilo ni moja ya mambo yaliyozaa sheria ya haki ya kupata taarifa ya nchi nzima mwaka 2005, na 2019 jimbo hilo likafungua tovuti ya umma yenye taarifa za aina hiyohiyo zilizokuwa zinasomwa mikutanoni. Miaka 25 kutoka sauti mpaka tovuti. Kwahiyo tovuti ilipokuja watu walikwishajua watafute nini ndani yake.

Wewe una kikao kinachofuata cha kata yako. Chukua mradi mmoja, andika kwa herufi kubwa pesa iliyoingia, tarehe, mkandarasi, alicholipwa mpaka sasa na kazi iliyobaki, ubandike mahali watu wanapopita, na siku ya kikao mtu mwingine ausome, sio wewe. Andika maswali yote watakayouliza. Ukiwa na maswali hayo ya vikao vitatu au vinne, siku pesa ya mfumo ikipatikana mpe mtengenezaji karatasi hiyo, mwambie nataka mfumo unaojibu haya.